Mteja wa Pakiti Moja ya Ziada

Machi 2020, korona ilipoanza kufunga miji, picha iliyozunguka dunia nzima ilikuwa ya toroli la dukani. Limejaa karatasi za chooni hadi juu, na nyuma yake mtu ameinamisha uso kukwepa kamera. Tulimcheka, tukamlaani, tukamwita mchoyo. Kila rafu iliyokutwa tupu ilihesabiwa kwake.

Kisha zikaja takwimu. Kantar, kampuni inayofuatilia manunuzi ya kaya nchini Uingereza, ilizitazama wiki nne zilizoishia tarehe 22 mwezi ule, wiki ambazo maduka ya vyakula yaliuza bidhaa za pauni bilioni 10.8. Walionunua tambi kavu kwa wingi usio wa kawaida walikuwa asilimia 3 tu ya wanunuzi wa tambi. Kwa sabuni ya maji ya kunawia mikono, asilimia 6. Wengine wote waliongeza kidogo kidogo na kwenda dukani mara nyingi zaidi. Kwa wastani kila kaya ilitumia pauni 62.92 zaidi, sawa na mahitaji ya chakula ya siku tano.

Siku tano. Iweke takwimu hiyo kando ya nyingine. Tarehe 16 Machi serikali ya Uingereza iliwaambia wananchi kwamba mmoja akianza kukohoa au kupata homa, kaya nzima ijifungie siku 14, bila kutoka. Mtu ameambiwa huenda akafungiwa wiki mbili, naye anaweka akiba ya siku tano. Hapo hujatoa vyakula vilivyokuwa vikiliwa shuleni, kwenye kantini za kazini na mikahawani, ambavyo sasa vilipaswa kupikwa nyumbani. Ukivitoa, siku tano zinapungua zaidi. Tukitaka kuwa wakali, kosa la wateja wengi lilikuwa kuweka akiba ndogo kuliko waliyoagizwa na hali yenyewe.

Basi rafu zilikaukaje? Hesabu yake ni ya darasa la nne. Chukua duka linalohudumia kaya 100, kila kaya ikinunua pakiti moja ya karatasi za chooni kwa wiki. Mwenye duka anajua biashara yake: karatasi hizi ni nyepesi, zinajaza ghala, na faida yake ni ndogo. Kwa hiyo anaagiza pakiti 110, kumi zikiwa za tahadhari. Wiki hii kaya 30 zinaongeza pakiti moja moja. Zikiwahi asubuhi zinaondoka na 60, zinabaki 50 kwa kaya 70, na kaya 20 zinakuta mbao za rafu. Hakuna aliyejaza toroli. Wiki inayofuata wale 20 watadamka alfajiri, na hawatakuja kutafuta pakiti moja.

Msake mchoyo katika hesabu hiyo, humpati. Yupo mteja wa kawaida aliyeongeza kimoja, na lipo ghala lililopangwa kwa kudhani kuwa wiki ijayo itafanana na wiki iliyopita. Ghala la namna hiyo hutupunguzia gharama kwa miaka mingi bila sisi kulishukuru, na siku likishindwa tunamgeukia aliyesimama mbele yetu kwenye foleni.

Karatasi za chooni zina kisa chao, nacho husimuliwa mara chache kwa sababu hakichekeshi. Georgia-Pacific, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa Marekani, ilikadiria kwamba kaya ambayo watu wake wote wanashinda nyumbani hutumia karatasi karibu asilimia 40 zaidi. Haja za binadamu hazikuongezeka. Zilihama tu, kutoka ofisini na shuleni kwenda nyumbani. Ila karatasi haikuweza kuhama nazo kwa urahisi. Zile za ofisini hutengenezwa kwa mizunguko mikubwa, hufungwa kwenye maboksi na kuuzwa kwa mikataba na wasambazaji wengine kabisa. Haziingii kwenye kishikio cha nyumbani. Viwanda navyo vilikuwa tayari vikifanya kazi usiku na mchana, kwa kuwa mashine ya karatasi ni ghali mno kuachwa imelala. Sehemu ya ile tuliyoiita taharuki ilikuwa mahitaji halali yaliyobisha hodi kwenye mlango usio wake.

Sitadai kwamba ndivyo ilivyo kila mara. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda, waziri wa viwanda wa Japani, Yasuhiro Nakasone, aliwaomba watu wabane matumizi ya karatasi. Muda mfupi baadaye, huko Senri karibu na Osaka, wateja walipanga foleni na kumaliza karatasi za chooni dukani, na habari ilipotangazwa foleni zikaenea nchi nzima. Viwanda havikuwa vimesimama. Desemba ya mwaka huohuo huko Marekani, mbunge mmoja alikuwa ametoa tahadhari juu ya uhaba wa karatasi, na mchekeshaji Johnny Carson akaifanyia mzaha kwenye televisheni mbele ya mamilioni ya watazamaji. Kesho yake watu walikimbilia madukani, na uhaba ambao haukuwapo ukawapo.

Mwanasosholojia Robert Merton alikuwa ameshauandikia mtego huu mwaka 1948, kwa mfano wa benki: uvumi wa uongo kwamba benki inafilisika huwafanya wateja watoe fedha, na benki ikafilisika kweli. Linalonasa hapo ni kwamba hata anayejua kuwa uvumi ni uongo hana budi kukimbia. Mimi naweza kuwa na uhakika kabisa kwamba viwanda vinazalisha. Maadamu sina uhakika kwamba wewe unajua hivyo, kubaki nyumbani ni kuacha watoto wangu bila kitu kwa ajili ya kanuni. Wajinga hawahitajiki ili rafu ikauke. Wanatosha watu wenye akili wasioaminiana.

Upande wa pili una hoja, na ni nzito. Kuongeza pakiti moja kunahitaji fedha ya pakiti moja. Anayelipwa kwa siku hanunui cha wiki ijayo. Anakuja na alichopata leo, na anapofika wenye mshahara wameshapita. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hafiki asubuhi mlango unapofunguliwa. Mzee asiyeweza kubanana kwenye foleni hafiki kabisa, ndiyo maana maduka ya Woolworths ya Australia, kuanzia tarehe 17 Machi 2020, ilitenga saa ya kwanza ya asubuhi kwa wazee na watu wenye ulemavu. Mimi nikisema niliongeza kimoja tu, nasema kweli, na kweli hiyo haimsaidii aliyekosa.

Uhaba ukiwa wa kweli, hoja hii inakuwa kali zaidi. Februari 2022 kiwanda cha kampuni ya Abbott cha Sturgis, Michigan, Marekani, kilisitisha uzalishaji wa maziwa ya unga ya watoto wachanga kwa sababu za usalama, katika soko ambalo kampuni nne zilikuwa zimelishika karibu lote. Mtoto wa miezi mitatu huwezi kumwambia avumilie hadi wiki ijayo. Kila kopo lililolala kabatini kwa tahadhari lilikuwa chakula cha leo cha mtoto mwingine. Hapo utetezi wangu unapungua nguvu, na wapo walanguzi pia, wanaonunua ili wauze kwa bei ya kuruka. Hao sina neno la kuwatetea.

Isitoshe, manunuzi ya namna hii humdanganya mtengenezaji. Procter & Gamble iliwahi kuona kwamba watoto hutumia nepi kwa kasi ileile wiki hadi wiki, lakini oda za nepi zilizofika kiwandani zilipanda na kushuka vibaya, kwa sababu kila aliye katikati aliongeza chake cha tahadhari. Anayesoma oda za wiki ya hofu anajenga mipango juu ya mahitaji hewa.

Haya yote nayakubali. Ninachokikataa ni dawa inayotolewa, yaani kukaripia.

Septemba 2021 BP ilitangaza kwamba ingefunga vituo vichache vya mafuta nchini Uingereza kwa kukosa madereva wa malori. Serikali ikasema mafuta yapo tele na watu wanunue kama kawaida. Ilikuwa kweli, mafuta yalikuwapo kwenye hifadhi kuu. Mwenye gari, hata hivyo, hajazi tangi kutoka hifadhi kuu. Siku chache baadaye chama cha wauzaji kilisema hadi theluthi mbili ya vituo vya wanachama wake vilikuwa vimekauka. Tangazo la "msiwe na hofu" humfikia msikilizaji kama taarifa kwamba wenzake wana hofu. Picha ya rafu tupu inayopigwa ili kuwaaibisha wanunuzi hufanya kazi hiyohiyo, kwa kasi zaidi.

Hata neno taharuki lina walakini. Enrico Quarantelli, aliyetafiti majanga kwa miongo mingi na kushiriki kuanzisha kituo cha utafiti wa majanga huko Ohio mwaka 1963, alisisitiza kwamba taharuki ya kweli, mtu kupotewa na akili na kumkanyaga jirani, ni adimu sana. Watu huendelea kufikiri. Wanayoyafikiri ndiyo hatuyapendi.

Na tunawachanganya wenyewe. Mwaka 2016 serikali ya Ujerumani ilipendekeza kila mtu awe na chakula cha siku kumi nyumbani. Mwaka 2018 Sweden ilituma kijitabu kwa kaya milioni 4.8 kueleza namna ya kujiandaa kwa dharura, akiba ikiwemo. Wahenga walishasema akiba haiozi. Anayeweka akiba wakati wa shwari ni mwenye busara. Akiiweka mawingu yakishatanda, toroli lilelile linamfanya adui wa jamii. Tofauti ya wawili hao mara nyingi ni kipato: wa kwanza alikuwa na fedha ya ziada mapema, wa pili ameipata leo.

Kilichotuliza watu, pale kilipofanikiwa, ni mgawo wenye uhakika. Uingereza ilianza kugawa bekoni (nyama ya nguruwe ya chumvi), siagi na sukari tarehe 8 Januari 1940, sabuni ikafuata mwaka 1942. Foleni hazikuisha, lakini mwenye kitabu cha mgawo alijua fungu lake la wiki halichukuliwi na aliyedamka kabla yake. Taiwan nayo, kuanzia tarehe 6 Februari 2020, iliuza barakoa kwa kadi ya bima ya afya, mbili kwa kila mtu mzima kwa wiki, kwa bei moja. Ukishajua mbili zako zipo, huna sababu ya kuwahi alfajiri.

Tangazo la "pakiti mbili kwa kila mteja" ni binamu maskini wa mpango huo. Linamzuia mwenye toroli, ndiyo, lakini linampa anayeishi peke yake sawasawa na mwenye kaya ya watu wanane. Kadi ya Taiwan ilihesabu watu. Tangazo la dukani linahesabu wanaofika kaunta, na mwenye watoto sita atawapanga foleni mmoja mmoja, kila mmoja na pakiti zake mbili.