Daftari la Michango na Dakika Tatu za Kimya

Jumatano saa moja jioni, jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki imekutana sebuleni mwa nyumba moja mtaani Umoja, Nairobi. Tuko kumi na wanne, mshumaa umewekwa juu ya stuli, Biblia kando yake. Injili imesomwa, tumenyamaza kidogo, kisha mama mmoja akasema mwanawe hajalala nyumbani tangu Ijumaa. Akasita. Kabla hajalipata neno la pili, wa kwanza alishamwelekeza kituo cha polisi, wa pili akakumbuka mpwa wake aliyepotea akarudi, wa tatu akaanzisha wimbo. Wimbo ulipoisha mwekahazina alifungua daftari. Mia mbili za matanga, nani hajatoa?

Yule mama alitoa mia mbili zake.

Parokiani kwetu sasa wapo wanaotaka jumuiya ndogo ndogo ziwe vikundi vya kusikilizana: watu wanane hivi, kila mmoja aseme kwa zamu bila kukatizwa, asishauriwe wala kuhubiriwa, pawe na kimya baada ya kila msemaji, na yaliyosemwa yaishie pale pale. Wengine wanapinga. Huo ni ugeni, wanasema. Jumuiya ni ya kuzikana na kusaidiana, na Mwafrika hakai kimya.

Kuhusu ugeni, wapinzani wamekosea. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana hapa hapa Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, waliamua kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogo. Nyingi kati ya jumuiya hizo zilifundishwa Hatua Saba, njia ya kusoma Biblia pamoja iliyotoka taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya nne ni kunyamaza. Ya tano ni kila mtu kueleza alichosikia moyoni, bila mjadala. Ya sita ndiyo ya kazi: nani mgonjwa, nani atembelewe. Kilichotupata ni kwamba ya sita imenenepa hadi ikameza mbili zilizoitangulia. Tena Oktoba 2023, mjini Roma, makardinali na walei wa Sinodi, mkutano wa Kanisa zima alioitisha Papa, waliketi pamoja kwenye meza za mviringo. Raundi ya kwanza kila mmoja alisema lake, ya pili akataja kilichomgusa katika maneno ya wenzake. Katikati, kimya.

Na hilo la Mwafrika kutokaa kimya? Watazame Marafiki, yaani Quaker. Dhehebu lao lilizaliwa Uingereza katika karne ya 17, watu wakiketi pamoja bila mahubiri wala wimbo hadi mmoja apate la kusema. Kenya ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote, na ibada zao hapa zimejaa nyimbo na mahubiri. Sababu haimo katika damu. Wamisionari waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902 walitoka Marekani, kwenye tawi ambalo tayari lilikuwa na wachungaji na nyimbo. Kimya hakikuwamo katika mizigo yao. Halafu mtu aliyewahi kwenda matangani mashambani ameona mzee akiingia, akisema pole, akiketi saa nzima bila neno lingine. Hakuna aliyemwita mgeni.

Lakini wapinzani wana hoja moja kubwa, na ajabu ni kwamba hawaisemi kwa sauti. Jumuiya hupangwa kwa mtaa. Wanaokusikiliza ni wale wale mnaoanika nguo kamba moja. Huko Marekani, Waunitaria, dhehebu moja la huria, wana vikundi vya namna hii pia: washa mshumaa, sema, usikilizwe. Mengi ya makanisa yao huwa na watu kutoka kila upande wa jiji, wakimaliza hutawanyika. Hapa ukimaliza unapanda ngazi moja na aliyekusikia. Isitoshe, mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayekuandikia barua mtoto wako abatizwe, na hata misa ya mazishi huulizwa barua. Nani atamfungulia moyo mtu mwenye kalamu hiyo?

Daftari nalo tusilidharau. Mtu aliyepanga chumba kimoja Kayole, ukoo wake wote uko Siaya, akifiwa usiku ataanzia wapi? Mia mbili za watu thelathini na basi la kukodi vimesafirisha maiti nyingi kutoka jiji hili. Ukiiondoa michango, wengi hawatarudi, na sitawalaumu.

Kwa hiyo mimi nasema Jumatano iachwe ilivyo, na daftari lake. Kikundi cha kusikilizana kiundwe kando, kwa watu wa jumuiya tofauti tofauti, kisiwe na mwenyekiti wala mwekahazina, na kundi la WhatsApp lisahauliwe kabisa. Gharama ipo. Kuna nauli ya matatu jioni, bei ikiwa imepanda kwa sababu mvua imenyesha. Kuna pia kwamba anayekusikiliza hatakuwa yule atakayekuletea uji ukiugua. Nimeuliza watu wawili watatu. Wanawake walisema wangeenda, mwanamume mmoja aliniuliza kama kuna chai.

Kijana wa yule mama alirudi baada ya siku kumi. Najua kwa sababu mama aliniambia mwenyewe, chini kwenye bomba la ploti, siku ya zamu yetu ya maji. Sikumwuliza. Alieleza kijana alikokuwa, akaingia katika mambo ya baba yake, mambo ambayo nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Ndoo yangu ilijaa ikaanza kumwagika. Nyuma yetu palikuwa na foleni. Nikanyoosha mkono kufunga bomba, naye akanyamaza, akachukua mtungi wake, akaniaga.