Desktopu iwe kitu cha mwisho kusakinisha

Kila anayehamia FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, huja na swali lile lile: niweke desktopu ipi, yaani mazingira ya madirisha na menyu: KDE, GNOME au Xfce? Wenyeji hujitokeza, kila mmoja na lake, mjadala unawaka, na mwishowe muulizaji anaandika amri moja ndefu iliyobeba kila kitu, anawasha upya kompyuta na kukutana na skrini nyeusi. Hapo hajui ashike wapi. Ni draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya michoro? Ni Xorg, programu inayochora kwenye skrini? Ni programu ya kuingilia? Ni desktopu yenyewe? Vyote viliingia kwa mpigo mmoja, kwa hiyo vyote vinashukiwa.

Msimamo wangu ni kwamba desktopu iwe ya mwisho kabisa kusakinishwa, na swali la ipi ni bora lisubiri mpaka kila tabaka lililo chini yake limejaribiwa na kuonekana linafanya kazi. Nazungumzia FreeBSD kwa sababu ndiyo ninayoitumia kila siku, na kwa sababu haikufichi kitu: ukimaliza kuisakinisha unabaki na maandishi meupe juu ya weusi na mfumo unakusubiri uandike jina lako. Lakini ninayoyasema yanamhusu pia mtu mwenye NetBSD, au Linux aliyoiweka bila michoro.

Matabaka haya yana historia yake. X Window System, au X kwa kifupi, ambayo Xorg ni utekelezaji wake, ilianzia MIT mwaka 1984, na toleo la 11, ambalo tunalitumia mpaka leo, likatoka mwaka 1987. Waliolibuni waliamua kwa makusudi kwamba X itatoa nyenzo peke yake: kuchora, kupokea kibodi na kipanya, kugawa skrini kwa madirisha. Fremu ya dirisha iweje, kitufe cha kufungia kikae upande gani, hayo waliyaachia programu nyingine. Ndiyo maana msimamizi wa madirisha ni programu ya peke yake, na ndiyo maana Matthias Ettrich alipoanzisha KDE mwaka 1996, na Miguel de Icaza na Federico Mena walipofuata na GNOME mwaka 1997, hawakulazimika kuandika upya namna ya kuzungumza na skrini. Walikuta msingi upo, wakajenga juu yake. Na chini ya X kwenyewe, siku hizi, kuna draiva iliyo ndani ya keneli, kiini cha mfumo, inayoishika kadi ya michoro, kuchagua ukubwa wa picha na kugawa kumbukumbu yake. Hilo ndilo tabaka ambalo mgeni halijui kabisa, na ndilo linalomkwamisha.

Kuna lalamiko moja nalisikia sana: "KDE nzito, mashine yangu imeshindwa." Mara nyingi mashine haijashindwa na KDE haina kosa. Mtu hajaweka draiva ya kadi yake. Xorg haikatai kuwaka kwa sababu hiyo. Inashika draiva ya dharura, ambayo kwenye mashine zinazowaka kwa UEFI, njia ya kisasa ya kuwasha kompyuta, huitwa scfb, na desktopu inafunguka na picha yake ya nyuma, menyu zake, kila kitu. Anafurahi. Kisha anaburuta dirisha, nalo linakifuata kipanya kwa kuchelewa. Feni inaanza kuvuma. Video inakatakata. Akichomeka skrini ya pili, haionekani. Kazi yote ya kuchora ambayo ilipaswa kufanywa na kadi imebebeshwa prosesa.

Hali ya pili inafanana na hiyo kwa macho lakini chanzo chake ni kingine. Draiva ipo, Xorg inaitumia vizuri, ila akaunti ya mtumiaji haimo kwenye kundi la video, hivyo programu zake haziruhusiwi kufungua mafaili ya kadi yaliyo ndani ya /dev/dri. Matokeo ni yale yale: prosesa inachora. Njia ya kujua ni rahisi. Sakinisha mesa-demos, fungua terminali, andika `glxinfo | grep renderer`. Ukiona jina la kadi yako, uko salama. Ukiona llvmpipe, yaani prosesa ndiyo inayochora, hakuna desktopu itakayokufaa, hata ile iliyo nyepesi kuliko zote, na kuhama kutoka KDE kwenda Xfce kutapunguza maumivu tu bila kutibu chochote. Inaniumiza kuona mtu ameacha programu nzuri, na pengine ameuacha mfumo mzima, kwa kosa ambalo amri moja ingelimaliza: `pw groupmod video -m` na jina lake.

Kwa hiyo naanzia chini. Mwenye ZFS, mfumo wa mafaili unaoweza kuhifadhi hali ya mfumo, aandike kwanza `bectl create kabla-ya-michoro`, ili awe na mahali pa kurudi mambo yakiharibika. Kisha `pciconf -lv`, atafute mstari wa vgapci0 na asome jina la kadi. Intel inataka i915kms, AMD za miaka ya karibuni amdgpu, AMD za zamani radeonkms. Zote zinapatikana kupitia kifurushi cha drm-kmod, ambacho ndani yake ni draiva za Linux zilizoletwa FreeBSD. NVIDIA ina njia yake, draiva ya kampuni yenyewe, na sitaiingia hapa.

Drm-kmod ikishakaa, miongozo mingi inakuambia uandike mara moja kld_list, orodha ya moduli za kupakiwa kila mashine inapowaka, kwenye faili la mipangilio la rc.conf, na uwashe upya. Nakataa. Ukiwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, ukiwa bado kwenye maandishi matupu, andika kwa mkono `kldload i915kms` na utazame. Skrini inazima kidogo, inarudi, na mara nyingi herufi zilizokuwa nene zenye kingo za ngazi-ngazi zimekuwa ndogo na safi, na mistari imeenea mpaka pembeni kabisa. Keneli imeishika kadi na imesoma ukubwa halisi wa skrini. Hujaweka X wala desktopu, lakini sehemu ngumu kuliko zote imekwisha.

Na ikigoma? Mashine ikiganda, unaizima na kuiwasha, na unarudi pale pale ulipokuwa, kwa sababu hukuandika kitu popote. Aliyekwisha kuweka kld_list kwenye rc.conf, mashine yake itaganda kila inapowaka, mpaka aingie hali ya mtumiaji mmoja, auruhusu mfumo wa mafaili kuandikika na aufute ule mstari. Mkongwe atayafanya hayo huku akizungumza na simu. Mgeni hapaswi kupitishwa huko siku yake ya kwanza, na mwongozo unaompitisha huko umemkosea.

Kldload ikikubali, ndipo `sysrc kld_list+=i915kms`, ndipo kundi la video, ndipo `pkg install xorg`. Halafu `startx` bila kuandika .xinitrc yoyote, faili linaloieleza X iwashe nini. Kitakachokuja hakivutii: madirisha ya xterm, saa, na twm, msimamizi wa madirisha wa mwaka 1987. Wengi wakikiona wanadhani wamekosea na kukifunga haraka. Mimi nasema kaa nacho. Kipanya kinasogea? Kibodi inaandika herufi unazobonyeza? Skrini imejaa bila kingo nyeusi? Glxinfo inataja kadi? Maswali hayo manne yakijibiwa hapa, hayatakusumbua tena ndani ya desktopu, ambako kila kosa linajificha nyuma ya programu nyingine nyingi zinazowaka kwa pamoja.

Startx isipowaka, majibu yako yamo ndani ya /var/log/Xorg.0.log. Faili hilo ni refu na linatisha, lakini huhitaji kulisoma lote. Tafuta mistari yenye (EE). Ule unaosema "no screens found" umewachanganya wengi wanaokwenda kukagua waya wa skrini, wakati kwa kawaida maana yake ni kwamba Xorg haikupata draiva iliyokubali kufanya kazi. Rudi tabaka moja chini.

Baada ya hapo desktopu yenyewe ni kazi ndogo. Xfce inahitaji kifurushi chake, dbus, huduma ya mawasiliano kati ya programu, iwashwe kwenye rc.conf, na mstari wa `exec startxfce4` ndani ya .xinitrc. GNOME inataka pia /proc iwemo kwenye fstab, orodha ya mifumo ya mafaili. Programu ya kuingilia, iwe sddm au lightdm, iwekwe mwishoni kabisa, siku ambayo startx imeshakubali bila ubishi. Ukiiwasha mapema na desktopu ikawa na kasoro, utaandika nywila, skrini itapepesa, na utarudishwa kwenye nywila, tena na tena. Kwa aliyenasa humo: bonyeza Ctrl, Alt na F1 kwa pamoja, utarudi kwenye maandishi.

Wapo watakaosema huu ni usumbufu, kwamba mtu anataka kompyuta ya kufanyia kazi na hana haja ya somo la matabaka. Naiheshimu hoja hiyo. Kwa mtu huyo GhostBSD ipo, inakuja na desktopu tayari, na sioni aibu yoyote kuitumia. Lakini anayechagua FreeBSD tupu atakuja kuyakuta matabaka haya siku ya kupandisha toleo, apende asipende. Vifurushi vya tawi moja hujengwa juu ya toleo la zamani kabisa ambalo bado linahudumiwa, na moduli ya keneli haivumilii tofauti ndogo kama zinavyovumilia programu za kawaida. Kwa muda mrefu watu walipandisha kutoka toleo dogo moja kwenda jingine ndani ya tawi lile lile, wakawasha upya, na michoro ikawa imetoweka. Toleo la 14.2 la Desemba 2024 lilileta hazina ya peke yake ya vifurushi vya moduli za keneli, na hali imekuwa nzuri zaidi. Hata hivyo, tazama tofauti kati ya watumiaji wawili walioamka na skrini nyeusi baada ya kupandisha toleo. Aliyejenga tabaka kwa tabaka anaandika kldload, anasoma kosa, anasakinisha upya drm-kmod na kuendelea na kazi. Aliyeweka kila kitu kwa amri moja anafikiria kuanza upya mfumo mzima, na wengine hufanya hivyo.

Ujio wa Wayland, mrithi wa X, haujaipunguza hoja hii, umeiongezea uzito. Kristian Høgsberg alipoianza mwaka 2008, wazo lilikuwa kuunganisha seva na msimamizi wa madirisha kuwa programu moja. Matabaka ya juu yamepungua, lakini lile la chini limekuwa la lazima. Xorg inaweza kujikongoja na draiva ya dharura. Desktopu za Wayland zinataka draiva halisi ya keneli, la sivyo kwa kawaida haziwaki. GNOME 49, iliyotoka Septemba 2025, imezima X11 kama chaguo la kawaida, na KDE nao wametangaza kwamba Plasma, desktopu yao, inaelekea huko huko. Yaani miaka michache ijayo, asiyejua kuthibitisha kwamba kadi yake imeshikwa na keneli hatakuwa hata na ile desktopu inayokokota miguu. Atakuwa na skrini nyeusi.

Kati ya mifumo ninayoifahamu, OpenBSD ndiyo iliyolipanga jambo hili vizuri zaidi. Draiva za Intel na AMD zimo ndani ya keneli yenyewe, X imo ndani ya mfumo na kuhudumiwa pamoja nao, kisakinishi kinauliza kama unatarajia kuitumia, na ukikubali unapata fvwm ya kawaida, isiyo na mapambo. Desktopu wanakuachia. Wamemaliza kazi inayowashinda wageni na kukuachia ile unayoweza kuifanya mwenyewe kwa ladha yako.

FreeBSD haijafika hapo, ila kazi ya kuingiza chaguo la KDE kwenye kisakinishi chake imekuwa ikiendelea, nami naiunga mkono. Ninaloomba ni dogo. Kisakinishi kisichukue jibu la "ndiyo, nataka KDE" na kukimbilia kupakua vifurushi. Kwanza kitaje kadi kiliyoikuta, kijaribu kuipakia draiva yake papo hapo, na kiseme wazi imekubali au imekataa. Ikikataa, kisimamishe hapo, kimwachie mtumiaji mfumo wa maandishi ulio mzima, na kimpe kosa lenyewe kwa maneno anayoweza kuyatafuta. Na mtu akishaingia kwenye desktopu kwa mara ya kwanza akakuta llvmpipe ndiyo inayochora, aonyeshwe ilani hapo hapo, kabla hajaanza kuilaumu KDE.