Sangala, Sabuni na Simu

Mbalamwezi ikiwa kali, sisi wavuvi na wachuuzi wa Kibirizi, hapa Kigoma, huwa hatuna kazi. Dagaa watafuata taa gani wakati mbingu nzima ni taa? Mitumbwi inalala mwaloni, nasi tunaouza dagaa tunashinda nyumbani tukiwasumbua wake zetu. Mwezi uliopita wangu alichoka. Akanikabidhi binti yetu Siwema, wa miaka mitano, akasema, "Mfundishe hata herufi, angalau uwe na faida."

Nikaanza kwa kujiamini: "Sa, se, si, so, su!"

Mtoto akanitazama kwa huruma. "Baba, mwalimu amesema siyo sa. Ni ssss."

Kumbe siku hizi darasa la awali wanaanza na sauti tupu. Irabu inakuja baadaye: ssss ukiiunganisha na a ndipo unapata sa. Mimi nilisoma kwa kuimba ubao mzima kichwakichwa, hakuna aliyewahi kuniambia kuwa s ina mlio wake yenyewe.

Nikabuni mchezo. Beseni la maji likawa Ziwa Tanganyika. Nikaandika herufi kwenye vizibo vya soda, nikaviacha vielee, Siwema akashika chujio la chai. Mimi nataja sauti, yeye anavua. Alivua vizuri kuliko baadhi ya vibarua ninaowajua, tena hakudai posho.

Kichwa kikanivimba, nikampandisha darasa. "Leo ni siku ya ssss. Tafuta kitu chochote humu ndani kinachoanza na ssss, ukilete ziwani." Moyoni nilimaanisha avilete pembeni ya beseni tuvitaje pamoja. Lakini moyoni kwangu yeye hakuwemo. Mara jirani akanigongea hodi ya kuulizia deni lake, na mtu anayekudai huwa hana salamu fupi. Nikakaa nje kama dakika ishirini.

Niliporudi nilikuta beseni limejaa. Sabuni ya kipande. Soksi zangu. Sahani mbili, sufuria, na sukari nusu kilo pamoja na mfuko wake. Na sangala mzima, aliyenunuliwa asubuhi kwa ajili ya shemeji aliyekuwa njiani kutoka Kasulu. Juu ya sangala alikaa Siwema mwenyewe, maji kiunoni.

"Hata mimi ni ssss, Baba."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kicheko kilikatika nilipokumbuka kitu kingine kinachoanza na ssss, ambacho nilikiacha juu ya stuli.

"Siwema, simu iko wapi?"

Akainua paja moja.

Nilitafuta kosa la kumgombeza nalo, sikuliona. Shati langu lilikuwa limening'inia hapo hapo karibu, kavu kabisa. "Hilo ni shhh," akanifafanulia. Shuka nazo salama. Mtoto kapata yote, hakukosa hata moja.

Mke wangu aliporudi kutoka soko la Mwanga nikajitetea kwa historia. "Mama Siwema, meli ya Liemba yenyewe Wajerumani waliizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na ikarudi kubeba abiria. Seuze simu ya dakika ishirini?"

"Wajerumani waliipaka mashine grisi kwanza," akasema huku akitoa soksi mdomoni mwa samaki. "Wewe yako uliipaka nini?"

Mwanamke wa Kigoma usishindane naye habari za Liemba.

Sangala tulimsuuza maji matano, tukamkamulia ndimu, tukamtosa kwenye mawese. Shemeji alikula, akasifu, akaongeza. Ila kila alipofungua mdomo kuongea nilimwangalia kwa wasiwasi, nikihofia litatoka povu.

Simu, kwa ushauri wa yule yule jirani anayenidai, niliifukia kwenye ndoo ya mchele ilale humo. Alfajiri nikaamka kuichungulia. Mchele upo, simu haipo. Nikachimba hadi chini. Haipo.

Uani nikasikia maji yanachuruzika. Siwema ameshajaza beseni lake, ameinama, mikono imezama mpaka viwikoni, na uso umemkunjamana kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

"Baba," akasema bila kugeuka, "nani kaiweka simu kwenye mmmm?"