Nairobi Ni Mapacha, Msiniambie Ni Punda

"Mama yake nani?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza mzee wa duka la viungo hapa mtaani Pangani nilipomwomba anitazamie nyota ya mji wetu wa Nairobi. Nilikuwa nimeingia kununua iliki ya shilingi mia tu. Nikamkuta anasoma gazeti, maneno yakavutana mpaka tukafika kwenye falaki, maana kwao ni Kibokoni, Mombasa, na elimu hiyo aliiona kwa babu yake. Kwa hesabu ya kizamani, nyota ya mtu haitafutwi kwa tarehe. Linachukuliwa jina lake na la mamake, kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake, unajumlisha, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yake. Sasa mji nao una mama?

Nikamwambia mama ni Mombasa. Reli ilianzia kwake 1896, ikapanda bara, na huyu akazaliwa njiani. Mzee alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. "Ehee! Mtoto aliyemnyang'anya mamake kiti." Makao makuu ya serikali ya kikoloni yalihamishwa kutoka Mombasa yakaletwa huku 1905, na kwa jinsi alivyolisema ungedhani ni jambo la wiki jana. Akageuza risiti, akaandika upande wa nyuma. Nairobi, 278. Mombasa, 144. Jumla 422. Toa kumi na mbili mara thelathini na tano, kinabaki mbili. Nyota ya pili: Ng'ombe.

Nilikubali kwa dakika mbili hivi. Kabla ya reli Wamaasai walikuwa wakileta mifugo yao kunywa maji hapa, na mji unaokula nyama choma namna hii hauwezi kukataa kuitwa Ng'ombe. Lakini Ng'ombe wa falaki ni mtulivu, mzito, akishakaa hataki kusumbuliwa. Nairobi gani hiyo? Pale uliponunua chapati Ijumaa, Jumatatu unakuta uzio wa mabati na picha ya ghorofa kumi na nne.

"Basi nipe tarehe tujaribu kwa njia ya magazeti," mzee akasema. Hapo ndipo penye shida, kwa sababu Nairobi ni kama wale wazee wetu ambao vitambulisho vyao vinasema wote walizaliwa 1 Januari. Marehemu nyanya yangu alijua alizaliwa wakati wa nzige, basi. Karani akamwandikia tarehe iliyomfaa karani.

Tarehe ya karani kwa Nairobi ni 30 Machi 1950. Siku hiyo Duke wa Gloucester alileta hati ya Mfalme George VI, na mji ukaitwa jiji. Nyota ya mwisho wa Machi wengine huiita Kondoo, ila kwenye kurasa za nyota nilizokulia nikisoma ilikuwa Punda, na marafiki zangu wanaopenda mambo haya wamelishikilia hilo. Nairobi ni Punda, wanasema: inabeba nchi nzima mgongoni, inapiga mateke, na kufika tarehe 25 ya mwezi kila mtu anakwambia punda amechoka.

Ni utani mzuri. Naukataa. Hati ni cheti, na mtoto hazaliwi siku anapokatiwa cheti. Tena wenyeji wengi wa siku zile hawakuitambua sherehe yenyewe. Fred Kubai na Makhan Singh, wakuu wa vyama vya wafanyakazi, waliwahimiza watu waisusie, kwa sababu jiji lililokuwa likisherehekewa halikuwa lao. Katikati ya Mei wawili hao wakakamatwa, na wafanyakazi wakagoma kwa siku kadhaa. Mimi siwezi kumwimbia mtu wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa tarehe ambayo watu wa nyumbani kwake waliikataa.

Tarehe ninayoishika mimi ni 30 Mei 1899, siku ambayo reli ilifika hapa, maili 327 kutoka Mombasa, mahali penye kinamasi na baridi. Palichaguliwa kwa sababu ndipo penye ardhi tambarare ya kupangia karakana kabla ya treni kuanza kupambana na milima na Bonde la Ufa. Hakuna aliyekusudia kujenga jiji. Ilikuwa kambi ya kupumzikia na kuweka vyuma, na tabia ya kambi haijatutoka: uliza watu kumi ndani ya matatu kwao ni wapi, tisa watakutajia pengine.

Mwisho wa Mei ni Mapacha. Na Mapacha ndiye huyu ninayemjua.

Hebu tazama. Githurai ziko mbili, 44 na 45, zimepewa majina kwa namba za matatu, na Thika Road imepita katikati. Umoja ni mbili pia, kana kwamba umoja mmoja haukutosha. Lavington imepakana na Kawangware. Kila mtaa wa ua la michongoma una mwenzake wa mabati ng'ambo ya mto au barabara, na asubuhi wa huku ndiye anayekwenda kumlelea mtoto wa kule.

Halafu kuna konda. Jioni moja nimesimama stendi ya Odeon, konda anaita "hamsini, hamsini", sauti ya asali, ananishika mkono nisijikwae. Tone la kwanza likadondoka kwenye kioo. Naapa sikuwa nimekaa vizuri nikamsikia mlangoni: "Mia, mia, mia." Ni mtu yule yule, gari lile lile. Nikamtazama, akatazama mawingu kana kwamba wao ndio waliopanga bei. Kisha akashuka kwenye mvua hiyo hiyo, akambebea mama mmoja gunia lake la sukuma wiki, akamtafutia kiti, na hakumdai nauli ya mzigo. Niambie huyo ni nyota gani kama si Mapacha.

Sayari ya Mapacha ni Utaridi. Warumi wa kale walimpa Mercury, mungu wa sayari hiyo, kazi ya kuwalinda wafanyabiashara, wasafiri na wezi, wote kwa pamoja. Warumi hawakuwahi kufika River Road yetu ya maduka, stendi na vibaka, lakini sioni walichosahau. Simu yangu ilinyakuliwa kupitia dirisha la matatu nikiwa katikati ya sentensi. Siku ya pili nilikuwa Luthuli Avenue nikinunua nyingine, na kijana aliyeniuzia alikuwa na ulimi mtamu kiasi kwamba nilitoka nimenunua na kava mbili. Nilimlipa kwa M-Pesa. Pesa inayosafiri kama ujumbe: hiyo nayo ni kazi ya Utaridi mtupu.

Na Mapacha ni nyota ya upepo. Hapo ndipo mzee alipodhani amenipata. "Jina lenyewe si la Kimaasai? Enkare Nairobi, maji baridi. Mji wa maji utakuwaje na nyota ya upepo?" Nikamwomba afungue bomba lililokuwa nyuma yake. Likatoa mluzi, likakohoa, likanyamaza. Siku hiyo haikuwa zamu yetu ya mgao. Bwawa la Ndakaini linalotupa maji liko Murang'a huko, sisi tunaletewa maji kwa mkokoteni, mtungi wa lita ishirini, na bei yake ni kama ya konda yule, inategemea uso unaokutana nao.

Mtu asije akaniuliza kama naamini nyota kweli. Siamini, kama vile siamini kwamba paka mweusi ana neno. Lakini 31 Mei 2017 reli mpya ya SGR ilipozinduliwa na treni ya kwanza ya abiria ikaja Nairobi, nilihesabu vidole: miaka 118 na siku moja tangu reli ya kwanza ifike hapa. Ilipangwa iende sambamba na sikukuu ya Madaraka, najua. Bado nilisikia mwili ukinisisimka.

Mzee alikunja risiti yake, akanifungia iliki kwenye kipande cha gazeti.

"Haya, tuseme Mapacha. Kwani mwenzake yuko wapi?"

Nikamtoa mpaka mlangoni. Kutoka Pangani huhitaji kwenda mbali: upande huu Muthaiga na viwanja vyake vya gofu, upande huu Juja Road inateremka kuelekea mabati ya Mathare. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kofia mkononi.

"Sasa mwanangu," akasema, "Kurwa ni yupi, na Doto ni yupi?"