Kumpa mtu hifadhi nyumbani kwako hapa Dodoma, tukubali au tukatae?

Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, Dodoma imejaa watu kweli kweli, sensa ya 2022 ilikuta jiji peke yake lina watu zaidi ya laki saba na nusu, na wengi wanashuka stendi ya Nanenane na begi moja tu. Kuna mwanafunzi wa fildi chuo kikuu UDOM, kuna aliyeitwa interview, kuna mama amekuja kumuuguza mtu hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali nae anataka ya mwezi mzima. Sasa huyu mtu alale wapi?

Kwa hiyo wanaosema mpokee mimi nawaelewa sana. Huyu mtu hana shida ya maisha yote, anahitaji miezi miwili mitatu ashike hela akapange chake Nkuhungu au Chang'ombe, na godoro la sebuleni linamfikisha hapo. Na kuishi wengi sio jambo geni huku, tembe la Mgogo, ile nyumba ya asili ya wenyeji wa huku, lilikuwa linakaa ukoo mzima na mifugo uani.

Ila tembe lilikuwa na nafasi na kila mtu alikuwa na kazi yake inajulikana, sisi tunaongelea vyumba viwili vya kupanga, choo cha kushea na mita moja ya umeme wapangaji wote, ukiongeza mtu majirani wanaanza kununa na mwenye nyumba anauliza. Halafu baba ndio anakubali kwenye simu, mama ndio anaongeza unga na maji ya kuoga, hakuulizwa. Hii inaniuma kuliko yote.

Na mgeni nae anaumia jamani. Binti anapokelewa vizuri, wiki ya pili anafua nguo za nyumba nzima, wiki ya nne hausigeli amerudishwa kwao maana yeye yupo, na hawezi kulalamika kwa sababu hana pa kwenda. Akisumbuliwa usiku na mwanaume wa humo ndani atamwambia nani?

Mimi nasema mpokee, lakini mkae chini wote kwanza, mama akiwepo, mtaje tarehe ya kuondoka na nani ananunua nini, na umpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa ajulikane. Watu wanaona ni roho mbaya kumtajia mgeni tarehe, wakati wahenga walishatuambia mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe. Kama chumba pekee kilichobaki ni cha watoto, hapo kataa, mchangie hata nauli au kodi ya mwezi mmoja.

Na wenye nyumba mnaokubali kupokea kodi mwezi kwa mwezi, nyie mnasaidia watu wengi kuliko sisi wa magodoro ya sebuleni, muongezeke basi.