Ukuta Umeze Mlango?

Jamani, choo changu ni mita 1.2 kwa 1.8, kimebanwa ubavuni mwa ukumbi. Ndani mna sinki, choo cha kukalia, ndoo na kata yake, na mlango wa sentimita 70 unaofungukia ndani. Mlango huo ukizunguka hula karibu mita 0.4 za mraba. Yaani sehemu moja kati ya tano ya choo kizima kazi yake ni kuungoja mlango upite! Mimi na tumbo hili la biriani za harusi za watu, naingia kwa ubavu, narudi nyuma mpaka sinki inichome kiuno, ndipo nifunge. Kutoka ni vivyo hivyo, kinyumenyume. Na chooni mtu huenda ana haraka zake.

Sasa mke wangu kaona kwenye simu mlango unaoteleza ukazama ndani ya ukuta. Mzungu kausukuma kwa kidole, ukapotea. Tangu hapo sina raha. "Baba Saidi, na sisi tuweke ule."

Tuweke wapi? Ukuta wa yule Mzungu ni fremu na bodi, katikati hewa tupu. Huu wangu wa hapa Mkomani, mji wa kale wa Lamu, ni matumbawe na chokaa, unene nusu mita, umeshiba. Mlango wa sentimita 70 unataka ukuta wa 140 na ushei, maana ukishafunguka lazima upate pa kulala. Nichimbe mfereji wa urefu huo kwenye ukuta uliobeba boriti za ghorofa, na juu ya boriti analala mama mkwe wangu? Tena mji wenyewe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, nyumba ya kale huitoboi kama unavyotoboa nazi. Niende nikaombe ruhusa nikisema nini? Kwamba sinki linanichoma kiuno?

Fundi naye kaja na hekima zake. Tujenge ukuta mwembamba mbele ya ule wa zamani, upande wa ukumbini, mlango ujifiche katikati. "Sentimita 12 tu, mzee." Sentimita 12 zatoka wapi? Ukumbini! Na vyumba vya Lamu upana wake wazee waliukadiria kwa urefu wa boriti ya mkoko, hazifiki mbali. Kwa hiyo niuze nafasi ukumbini, niinunue chooni, na dalali ni fundi.

Halafu reli ya kutelezea mlango. Hewa ya bahari hapa hula hata bawaba unazozipaka mafuta. Ati ataweka stenlesi. Stenlesi ipi? Ile ya daraja la 304 hutoka madoa ya kutu karibu na bahari, 316 ndiyo hustahimili, na bei yake usiulize ukiwa umesimama. Uilete mpaka Mokowe, gatini bara, uivushe kwa boti, uilipie mchukuzi. Siku gurudumu likikwama humo ukutani, na mtu yuko ndani anagonga, tuanze kubomoa?

Lakini hayo yote ningeyameza. Kinachonikosesha usingizi ni sauti. Mlango wa kuteleza haubani kama wa bawaba, una mwanya pembeni. Maulidi ikiwadia nyumba hii hujaa wageni, wanakunywa kahawa hapo hapo ukumbini. Wazee walijenga daka, yaani baraza la mlangoni, wakaweka kiwanda, yaani ua wa ndani, wakapinda njia ya kuingilia mgeni asichungulie ndani, stara juu ya stara. Mimi nije niimalize stara yote kwa mwanya wa sentimita moja?

Nikajiona nimeshinda. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Na mama akiteleza mle ndani?"

Hapo nilinyamaza. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio kufuli. Ukisukuma unamuumiza, usiposukuma humfikii. Kwa hiyo mlango wa sasa lazima uondoke, hilo halina ubishi.

Kuugeuza ufungukie nje? Utampiga mtu na sinia la kahawa. Basi nikasema, tuweke wa mabawa mawili, kama milango ya nyumba zetu ilivyokuwa tangu zamani, sentimita 35 kila moja, ila haya yafungukie nje. Bawa likimgusa mtu litamgusa kidogo. Bawaba za shaba, ukuta hauguswi, komeo linabana.

"Huo ni mlango wa bibi yako," akasema mke wangu.

"Bibi yake alikuwa na akili," mkwe akajibu kutoka juu. Hapo nikajua na sauti za ukumbini zinapanda ghorofani.

Mke wangu amekubali, kwa sharti kwamba ukumbi nao upakwe chokaa upya, wote, na zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani. Fundi kusikia hivyo, kaweka mfuko wa vifaa chini, kavua viatu, kaagiza chai.