Silaha ya Kunilisha Siku ya Dhiki

Usiku wa Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu Kenya nzima, nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha pili katika nyumba yetu ya kupanga huku Kahawa West, Nairobi. Kwa saa kadhaa sikuwa na kazi ila kukaa gizani na kuhesabu moyoni chakula kilichokuwamo ndani: pakiti moja na nusu ya unga, omena za mlo mmoja, vitunguu vitatu, na sukuma wiki ambayo mama watoto alikuwa ameinunua jioni hiyo hiyo. Umeme uliporudi majirani waliendelea na maisha yao, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba balaa ijayo haitanikuta mikono mitupu.

Nina binamu anayeishi Montana, Marekani, ambako kwa maelezo yake kijana hufundishwa kulenga shabaha kabla hajafundishwa kunyoa ndevu. Nilipompigia simu kumweleza azma yangu alifurahi kupita kiasi, na akanipa somo la muda wa saa nzima.

"Ndugu yangu," alisema, "wengi hukimbilia bunduki kubwa, kumbe mwenye njaa huishi kwa sungura na ndege, si kwa nyati."

Yeye alipendekeza bunduki ya .22, ambayo risasi yake ina unene wa takriban milimita 5.6, mlio wake si mkubwa, na risasi 500 hazifiki uzito wa kilo 2. Bunduki ya marisau ya namba 12 aliisifu kwa kuangusha ndege anayeruka, ila akanionya kwamba risasi 500 za aina hiyo hukaribia kilo 20, "na hapo bado hujabeba maji." Maneno hayo ya mwisho niliyapuuza, na ndiyo pekee niliyopaswa kuyaandika. Nilishughulika zaidi na kujua kwamba namba 12 haihusiani kabisa na milimita, bali ni hesabu ya vidonge vya duara vya madini ya risasi, vyenye upana sawa na tundu la mtutu, vinavyopatikana katika ratili moja. Kisha akanisimulia habari za AR-7, bunduki iliyobuniwa na kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, ambayo mtutu wake hufunguliwa ukatiwa ndani ya kitako, na kitako chenyewe kikianguka majini huelea. Usiku huo niliota nikivuka mto Athi huku nimekikumbatia kitako hicho.

Jumatatu nilivaa koti nililofungia ndoa, nikaenda katika duka moja la bunduki mjini. Mzee aliyekuwa kaunta alinisikiliza kwa adabu nikitaja milimita, ratili na vitako vinavyoelea, kisha akaniuliza leseni yangu iko wapi. Nilimjibu kwamba ndiyo kwanza ninachagua.

"Mwalimu," alisema, maana ualimu haufichiki, "hapa hatuchagui kama viatu. Leseni hutangulia, na wenye kuitoa watataka kujua unaihitajia nini."

Nikamweleza kwamba nataka kuwinda sungura na kanga siku ya dhiki. Alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Unafundisha somo gani?"

"Historia, mzee."

"Basi niambie, uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka gani?"

Nilijibu "1977" kwa sauti ya darasani, kabla sijatambua kwamba nimejihukumu mwenyewe. Mzee akaniongezea kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimwachi hata anayewindia chungu chake tu, akanitakia siku njema, na mlinzi akanifungulia mlango kwa heshima ambayo hakunionyesha nilipokuwa nikiingia.

Binamu hakukata tamaa. Alinishauri nitumie mitego ya waya, kwa hoja ambayo sikuweza kuipinga: mtego huwinda nawe umelala, ilhali mwenye bunduki huchoma nguvu kwa kuzunguka porini na huenda akarudi na njaa kubwa kuliko aliyotoka nayo. Lakini katika nchi hii askari wa wanyamapori hutumia siku nzima kuziondoa nyaya hizo mbugani, kwa kuwa kitanzi hakimtambui swala wala simba, kwa hiyo nikaliacha wazo hilo. Ndoana na mshipi nilinunua, ingawa bwawa lililonijia akilini ni lile la Lang'ata, na kwa jinsi lilivyofunikwa na magugu maji ningerudi na mboga badala ya samaki. Kuhusu korongo wale wakubwa wanaokaa juu ya miti karibu na Uwanja wa Nyayo, mama watoto alitamka wazi kwamba ndege anayekula takataka za jiji zima hataingia katika sufuria yake hata dunia ikiisha.

Ikabaki manati. Nilikwenda Kamukunji, ambako fundi wa jua kali alinipindia panda imara ya chuma, akaifunga mipira ya tyubu ya gari, na akanipimia gololi 20 za chuma zilizotolewa katika beringi kuukuu.

"Ni ya mtoto?" aliniuliza.

"Ni ya mtoto," nilijibu, nikaificha ndani ya mkoba mkubwa wa mgongoni niliokuwa nimeununua Gikomba.

Jumamosi nilipanda juu ya paa la ploti yetu kufanya mazoezi. Ningependa ifahamike kwamba nilikuwa mwangalifu sana. Nilikataa kulenga upande wa barabara nisije nikamjeruhi mpita njia, nikakataa kulenga upande wa ghorofa ya jirani kwa ajili ya vioo vyake, na baada ya kuondoa pande zote zenye hatari nikabaki na upande mmoja tu, ule wa matangi ya maji. Nilitundika blanketi zito kwenye kamba ya nguo ili lizuie gololi, nikaweka mkebe wa mafuta ya kupikia mbele yake, nikahesabu hatua kumi. Gololi tano za kwanza zilipiga blanketi zikaanguka kama ilivyopangwa. Ya sita ilipita chini ya blanketi.

Nilisikia mlio mkavu, kisha mlio wa maji. Gololi ilikuwa imevunja bomba la plastiki linalounganisha matangi mawili ya lita 5,000 kila moja, tena mahali palipo kati ya matangi na koki, hivi kwamba kuifunga koki hakukuwa na maana yoyote. Ieleweke pia kwamba maji ya mgao hutufikia Alhamisi pekee, na matangi yalikuwa bado yamejaa. Niliziba kwa kiganja, nikaziba kwa blanketi, nikafungua mkoba wangu wa dharura nikakuta dira, viberiti, ndoana, kisu na hema la plastiki. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha kufungia bomba. Maji yalikwisha kushika ngazi, na kutoka ghorofa ya tatu nilisikia mama mmoja akishangilia kwamba leo maji yamekuja mapema.

Msimamizi wa ploti aliitwa kutoka kinyozi, akafika amenyolewa upande mmoja. Hakuniuliza swali. Alitazama bomba, akatazama manati mkononi mwangu, akaninyang'anya pamoja na kisu, akakata mipira yote miwili ya tyubu na kulizungushia bomba kwa nguvu mpaka likanyamaza. Kufikia hapo matangi yalikuwa na maji ya kuoshea vikombe tu.

Mama mwenye nyumba alikuja jioni. Alisikiliza habari za Montana kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Mpaka Alhamisi, wewe ndiwe tangi." Kwa siku tano niliwanunulia wapangaji wa nyumba 16 maji ya mkokoteni na kupandisha mitungi ya lita 20 hadi ghorofa ya nne, mingine nikiibeba ndani ya ule mkoba wa Gikomba, ambao lazima niseme mishipi yake ni imara kweli.

Jumatano usiku binamu alipiga simu kuuliza kama nimekwisha kuijaribu silaha, na kama nimeangusha chochote. Nilimjibu kwamba nimeangusha lita elfu kumi kwa gololi moja.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa shauku huyo ni mnyama gani.